Je, wajua kwa nini mnanaa hutuliza tumbo lakini huamsha kiungulia?

Mtu kashiba, tumbo limejaa gesi na linamsokota. Anakunywa kikombe cha chai ya mnanaa, anacheua, anapata nafuu. Mwingine anakunywa chai hiyohiyo, akijilaza tu kifua kinawaka moto. Wote wawili mnanaa umewafanyia kazi moja: umelegeza misuli.

Mnanaa wenyewe ni ule mkali, peremende, chotara wa aina mbili nyingine za mnanaa. Mafuta yake yamejaa mentoli, kemikali inayoleta ule ubaridi mdomoni. Misuli ya ukuta wa utumbo hujikaza pale kalsiamu inapoingia kwenye seli zake, na mentoli huziba vijia inamopita. Misuli ikilegea, msokoto unaachia na gesi iliyonaswa inapata pa kutokea.

Tatizo ni kwamba umio nao, pale unapoungana na tumbo, una msuli wa mviringo unaobana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Mentoli haiubagui. Ukilegea, asidi inapanda.

Ndiyo sababu mafuta ya peremende ya tiba hutiwa kwenye kapsuli yenye ganda lisiloyeyuka katika asidi, ili ipite tumboni nzima na kufunguka utumboni. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni mililita 0.2, mara 3 kwa siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi huharibu kwa kuitafuna, au kuimeza pamoja na dawa ya kupunguza asidi: ganda linavunjika au kuyeyuka kabla ya wakati, na kiungulia kinarudi palepale. Kapsuli hizi zinawafaa zaidi wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu yanayoambatana na kuharisha au kufunga choo, huku vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo amwone daktari kwanza.

Kwa gesi ya kawaida, chai inatosha. Weka kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, karibu gramu 1.5, mimina mililita 150 za maji yaliyochemka, funika dakika 5 hadi 10. Kufunika si mapambo. Mentoli huruka na mvuke, na harufu nzuri inayojaa jikoni ni dawa inayokukimbia. Matone yaliyoganda chini ya kifuniko yarudishe kikombeni. Mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa chai hii hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Asubiri saa moja au mbili.

Na ule ubaridi? Ni hisia tu. Mentoli huamsha kipokezi cha baridi kwenye neva; David Julius na Ardem Patapoutian, walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka 2021, waliitumia mentoli kukigundua. Hata pua iliyoziba haizibuki ukinusa peremende, bali unahisi hewa inapita vizuri zaidi. Kwa mtoto mchanga hisia hiyo ni hatari: mafuta haya yakipakwa puani au usoni mwake, koo linaweza kujibana ghafla akashindwa kupumua.