"Kwetu Hakuna Kifafa, Labda Kwenu": Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Magonjwa Adimu ya Ubongo wa Watoto

"Kwetu hakuna kifafa, labda kwenu." Hapa Kigoma maneno hayo hutoka kwa wifi au mama mkwe, mtoto mgonjwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliyeolewa anaanza kuhesabu ndugu zake hadi wa Kasulu, akimtafuta aliyewahi kuanguka. Hampati, na lawama bado ni zake.

Magonjwa kadhaa adimu ya ubongo wa watoto yakiwemo ya kifafa, hutokana na hitilafu kwenye jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) moja tu kati ya takribani 20,000 tulizo nazo, na mara nyingi hitilafu hiyo ni mpya. Haikuwa ugonjwa wa baba wala wa mama. Imezuka kwenye yai au mbegu iliyomtunga mtoto huyo. Kila binadamu huzaliwa na mabadiliko mapya makumi kadhaa, mengi yasiyo na madhara. Tena sehemu kubwa hutoka kwenye mbegu za baba, na huongezeka kadiri baba anavyozeeka. Hilo wifi hasemi.

Chukua ugonjwa wa Rett, ambao Andreas Rett wa Austria aliueleza mwaka 1966 na jeni yake, MECP2, ikajulikana 1999. Huwapata zaidi wasichana. Mtoto anakaa, anashika kijiko, pengine ameshaanza kutamka "mama". Kisha, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18, anaanza kurudi nyuma. Maneno yanapotea, vidole vinaacha kushika, mikono inasuguana kutwa kama ya mtu anayenawa. Kwa kuwa alikuwa mzima, watu husema katupiwa jicho. Hitilafu ilikuwemo tangu tumboni. Ilichelewa tu kuonekana.

Yapo pia ya kurithi kweli. Katika baadhi yake, wazazi wote wawili ni wazima lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mgonjwa. Hapo napo huwezi kuushitaki ukoo mmoja. Mabinamu wakioana uwezekano huongezeka, ingawa watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa salama.

"Picha ya kichwa imetoka safi, basi ni ya kienyeji." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inamtoa mtoto hospitali. Picha huonyesha umbo: uvimbe, maji, kovu. Ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, mara nyingi uko kwenye jeni SCN1A, inayotengeneza vijia vya kupitisha sodiamu kwenye seli za neva, na mwanzoni picha kwa kawaida haionyeshi kitu. Mtoto anakua vizuri mpaka karibu nusu mwaka. Siku moja joto linapanda, au anaogeshwa maji ya moto, linakuja degedege refu, pengine la upande mmoja wa mwili. Bibi anataka afukizwe, na anakataza sindano kwa imani kwamba mwenye degedege akichomwa atakufa. Kinachoua ni kuchelewa. Na mkoa huu una malaria nyingi: degedege lenye homa lipimiwe malaria kwanza, mambo ya jeni yaje baadaye.

Je, chanjo ndiyo iliyoharibu ubongo, kama wengine wanavyosema? Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwapima wagonjwa 14 walioaminika kuharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro. Kati yao 11 walikuwa na hitilafu kwenye SCN1A. Homa ya chanjo yaweza kuamsha degedege la kwanza, lakini ugonjwa haukuletwa na sindano.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Usiogope kumgusa mtoto, mlaze ubavu.

"Kama ni jeni, hakuna dawa." Jeni haibadilishwi kwa kidonge, ila kuijua kunaweza kubadilisha kidonge. Kabamazepini, inayosaidia wengi wenye kifafa, huweza kumzidishia degedege mwenye Dravet. Kuna kifafa kingine cha utotoni kinachotokana na jeni ALDH7A1, nacho hutulizwa kwa vitamini B6. Kipimo cha jeni hakifanyiki zahanati, lakini safari ya kukifikia huanzia hapo: rekodi degedege kwa simu, andika kwenye daftari la kliniki lilianza na umri gani na lilidumu dakika ngapi, na usimwachishe mtoto dawa ghafla kabla daktari hajasema.