Mchoro asilia wa katuni ni kitu gani hasa?

Mtu akikwambia ana mchoro asilia wa Spider-Man, usidhani anazungumzia kitabu cha zamani alichokifunga kwenye nailoni. Kitabu kilichapwa nakala maelfu. Mchoro asilia ni ile karatasi ngumu yenyewe aliyoiinamia mchoraji mezani, akaichora kwa penseli, kisha yeye au mwenzake akapitisha wino juu yake. Ipo moja tu.

Wengi wakiiona kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba haina rangi. Rangi zilipangwa kando, kwenye nakala nyingine. Karatasi hii ilipigwa picha ili kutengeneza bamba la kuchapia, na kazi yake ikaishia hapo. Tena ni kubwa kuliko kitabu. Hadi mwaka 1967 hivi, wachoraji wa Marekani walichora kwenye eneo la karibu sentimita 32 kwa 47. Baadaye likashushwa hadi 25 kwa 38. Mchoro ukipunguzwa kiwandani, mistari hukaza na dosari humezwa.

Kwenye karatasi dosari zimebaki, na mimi ndizo ninazozipenda. Inamisha ukurasa kidogo kuelekea dirishani. Wino wa brashi unang'aa pale ulipojaza kivuli. Mistari ya kalamu ya nibu ni myembamba kama unywele. Penseli iliyofutwa vibaya bado inachungulia chini yake. Kidole kilichokosewa kimefunikwa kwa rangi nyeupe, kikachorwa upya hapo hapo. Kipande cha maneno kimebandikwa kwa gundi ambayo sasa imekuwa ya kahawia, na pembezoni kuna maelekezo ya penseli ya buluu hafifu, ambayo kamera ya kiwandani haikuiona. Hapo unamwona mtu akifanya kazi.

Kwa miaka mingi karatasi hizi zilihesabika kama mabaki ya kazi. Kampuni zilizikalia, nyingine zikatupwa, nyingine zikapotea. Miaka ya 1970 ndipo kampuni kubwa zilipoanza kuwarudishia wachoraji kazi zao. Jack Kirby, mchoraji aliyeshiriki kuwaumba mashujaa wa katuni Fantastic Four na Hulk, alivutana na kampuni ya Marvel iliyowachapisha kwa miaka kadhaa, na mwaka 1987 akapata kurasa kama 2,000, ilhali alikuwa amechora maelfu mengi zaidi. Kila nikilifikiria hilo roho inaniuma, maana mchoraji angeweza kuuza ukurasa wake akaongezea kipato cha uzeeni.

Bei za leo ni habari nyingine kabisa. Januari 2022, ukurasa mmoja wa mchoraji Mike Zeck kutoka kitabu cha katuni Secret Wars namba 8, unaoonyesha Spider-Man akipata vazi lake jeusi, uliuzwa mnadani Dallas kwa dola milioni 3.36. Aliyeununua amemiliki karatasi tu. Haki ya kumtumia mhusika imebaki kwa kampuni.

Zipo pia kurasa ambazo hutaziona mnadani. Zote 24 alizochora Steve Ditko kwa Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, toleo alimozaliwa Spider-Man, zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Zilitolewa bure mwaka 2008, na aliyezitoa aliomba jina lake lisitajwe.