Filamu ya klasiki ni ipi, na kwa nini si zilipendwa

Nyimbo za zamani zimepata neno lake kwa Kiswahili: zilipendwa. Mbaraka Mwinshehe akisikika redioni Jumapili mchana, kila mtu anajua hiyo ni zilipendwa, hata kijana aliyezaliwa miaka ishirini baada ya Mbaraka kufariki. Ila litazame neno lenyewe. Lina -li- katikati. Zilipendwa na watu wa wakati ule, na sisi wa leo tunaalikwa kukumbuka pamoja nao, au kusingizia kukumbuka.

Upande wa filamu hatuna neno kama hilo. Tunasema picha za zamani, muvi za kitambo, na wale wanaofuatilia mambo ya sinema wanasema klasiki. Wasomi wa fasihi wanalo neno urasimi, lakini sijawahi kumsikia mtu akiingia kwenye duka la filamu na kuomba "filamu ya kirasimi". Basi nitatumia klasiki, maana ndilo linalosemwa.

Filamu ya klasiki ni ile ambayo mazingira yaliyoizaa yameshakufa, na bado mtu anayeitazama leo kwa mara ya kwanza anakuta inamhusu. Tena aliyeitazama zamani akiirudia anaona jambo ambalo siku ile lilimpita. Umri peke yake hautoshi. Ule msemo wa "ya kale ni dhahabu" unadanganya sana hapa, kwa sababu filamu nyingi za miaka ya hamsini zilikuwa takataka siku zilipotoka, na kinachoongezeka kila mwaka ni uzee tu. Mauzo nayo hayatoshi. Sifa za magazeti ndizo dhaifu kuliko zote.

Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Kisa chake unakimaliza kwa pumzi moja. Mji ni Roma, vita vimekwisha, kazi hakuna. Antonio Ricci anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka kitandani, yanakwenda yenyewe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, nyota wa Hollywood, baiskeli inaibwa. Muda wote uliobaki ni yeye na mwanawe Bruno wakizunguka mji kuitafuta.

Mara ya kwanza niliitazama nikiwa chuoni, na nakiri nilisinzia. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, nimekulia kwenye ile kanuni kwamba staringi hafi na adui lazima alipe. Hapa staringi anatembea tu kwa miguu, mvua inamnyeshea, na adui akipatikana ni kijana fukara mwenye kifafa anayeishi chumba kimoja na mama yake. Nilifunga kompyuta nikiwa nimeudhika. Mara ya pili nilikuwa na mtoto mmoja na madeni mawili, na sikusinzia.

Chukua ile sehemu ya ofisi ya rehani. Karani anapokea furushi la mashuka ya Maria, analibeba hadi kwenye rafu, kisha anaanza kupanda. Kamera inapanda naye, na hapo ndipo unagundua rafu zile zinapanda hadi juu kabisa, zimejaa mafurushi, na kila furushi ni mashuka ya kitanda cha mtu. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu umaskini wa Roma. Karani anatafuta nafasi ya kusukumia furushi moja zaidi, basi, tumeelewa kwamba mji mzima unalala kwenye magodoro matupu. Picha hiyo inapita kwa sekunde chache. Mara ya kwanza sikuiona kabisa, pengine nilikuwa naangalia simu.

Halafu inakuja kuitafuta baiskeli. Polisi wanaandika taarifa, kisha wanamwambia mwenye mali akaitafute mwenyewe. Anakwenda sokoni Piazza Vittorio pamoja na rafiki zake wazoa taka, na huko baiskeli za wizi huuzwa zikiwa zimeshafumuliwa: fremu huku, matairi kule, kengele na pampu kwenye meza nyingine. Wanagawana kazi, huyu atazame fremu, yule matairi, na Bruno anapewa kengele na pampu. Mahali pengine kuna mtu anaipaka fremu rangi mpya. Yeyote aliyewahi kuibiwa vioo vya gari, kisha jirani akamshauri awahi mtaa wa vipuri akavinunue tena kabla hajavinunua mwingine, ataicheka sehemu hii kicheko kile cha mdomoni tu.

Na kuna mganga. Mwanzoni Maria anakwenda kwa mama mmoja mpiga ramli, na Antonio anamdhihaki kwa kupoteza pesa kwenye upuuzi. Filamu ikielekea mwisho, njia zote zikiwa zimefungwa, ni Antonio mwenyewe anayepanda ngazi za nyumba ile ile na kuketi mbele ya mama yule yule. Jibu analopewa ni la kiganga haswa: utaipata sasa hivi, au hutaipata kamwe. Sijui Mtanzania gani anahitaji maelezo ya ziada hapo.

Jina la filamu lenyewe ni somo. Kwa Kiitaliano ni wingi, wezi. Wamarekani walipoipokea waliiuza kwa jina la umoja, mwizi, kana kwamba mwizi ni yule kijana mmoja. Ila mwishoni, nje ya uwanja wa mpira uliozungukwa na baiskeli mamia zimeegeshwa, Antonio anampa Bruno nauli, anamwambia atangulie, na anaiba baiskeli. Hajui hata kuiba. Anakamatwa hapo hapo, anapigwa makofi, kofia inaanguka, na Bruno, ambaye alikosa usafiri, anayaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anasema mwacheni. Ndiyo maana jina lazima liwe la wingi. Kiswahili tunashukuru, tunasema Wezi wa Baiskeli bila kubahatisha.

Nimekusimulia mwisho na sioni kama nimekuharibia. Filamu inayoishi kwa fumbo la nani kaua hufa fumbo likifichuka. Hii unaijua mwisho wake na bado ukifika pale Bruno anapoingiza mkono wake kwenye mkono wa baba yake, unatafuta kitu cha kufanya na uso wako.

Walioshika nafasi kuu hawakuwa waigizaji wa kazi. Lamberto Maggiorani, anayecheza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Kuna mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, aliyekuwa tayari kutoa pesa ikiwa nafasi hiyo angepewa Cary Grant, nyota mtanashati wa Hollywood. De Sica akakataa, akatafuta fedha kwingine. Hebu mfikirie Cary Grant, suruali imepigwa pasi, akilia kwa ajili ya baiskeli.

Sasa, nani anaamua kwamba hii ni klasiki? Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi wataje filamu bora kuliko zote. Walianza 1952, na ya kwanza ikawa hii ya De Sica, filamu ya miaka minne tu. Kuanzia 1962 nafasi hiyo ikakaliwa na Citizen Kane ya Orson Welles hadi mwaka 2002. Mwaka 2012 ikaja Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambayo ilipotoka 1958 haikupokewa kwa shangwe kubwa. Mwaka 2022 ikaja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975 ya zaidi ya saa tatu, ambayo sehemu kubwa yake ni mwanamke akimenya viazi, akitandika kitanda na kupika. Orodha inapanda na kushuka kama ligi. Haina ubaya, inasaidia kujua pa kuanzia, ila ukiichukua kama msahafu utapotea.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni uzao, yaani filamu nyingine ilizozaa. Mwaka 1950 kijana mmoja wa Calcutta aliyekuwa mchoraji wa kampuni ya matangazo alitumwa kikazi London, na akiwa huko akaingia sinema mara kwa mara. Mojawapo ya alizoziona ilikuwa Wezi wa Baiskeli. Alitoka ukumbini akiwa ameamua kwamba atatengeneza filamu, na ataitengeneza hivyo hivyo: nje, mahali halisi, na watu wasio na majina. Kijana huyo ni Satyajit Ray, na filamu ni Pather Panchali ya 1955, kisa cha familia maskini ya kijijini Bengal. Bimal Roy, mwongozaji mwingine wa India, naye aliiona hiyo hiyo ya De Sica, kisha mwaka 1953 akatoa Do Bigha Zamin, ambamo mkulima anakwenda mjini Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni asinyang'anywe shamba, na mwanawe anamfuata. Baba, mtoto na jiji lisilowajali: unaona walikotoka. Kwa hiyo mzee wa pwani anayesema yeye hajui sinema za Wazungu, anajua picha la Kihindi tu, huenda anamjua De Sica bila kutambulishwa.

Na tukishafika kwa Wahindi, Mother India ya 1957 ni klasiki kwa maana hii hii, si zilipendwa. Kumbi za Zanzibar na Mombasa zilijaa picha za Kihindi miaka hiyo, na wengi wa watazamaji hawakujua neno la Kihindi. Nyimbo zake unaweza kuziita zilipendwa. Lakini mama anayemlenga bunduki mwanawe mwenyewe kwa ajili ya heshima ya binti wa kijiji, tena binti wa yule mkopeshaji aliyewanyonya, hilo bado linagombanisha watu sebuleni. Nimeshuhudia shangazi wawili wakinuniana kwa sababu yake.

Kuna jambo husahaulika tunapozungumza kuhusu ubora: filamu ni kitu, inashikika, na inaungua. Negativu za Pather Panchali, yaani mikanda asilia ambayo nakala hutolewa kwayo, zilikuwa kwenye maabara moja kusini mwa London mwaka 1993, moto ukazuka. Zilizosalia zilikuwa zimekauka na kujikunja, kingo zimeyeyuka. Hakuna aliyezitupa. Zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye mafundi wa Bologna, Italia, walizilainisha, wakajenga upya vitundu vya pembeni vinavyoivuta filamu kwenye mashine, kimoja baada ya kimoja kwa mkono, na mwaka 2015 filamu ikaonyeshwa tena ikiwa safi. Hiyo ndiyo bei ya kuitunza klasiki moja. Filamu ambazo hazikupata watu wa kuzihangaikia hivyo hazikuwahi kushindanishwa, na huenda baadhi zilikuwa bora zaidi.

Kwetu swali hili linakwenda kwa Kanumba. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu wa Tanzania, alifariki Aprili 2012, na hadi leo ukitaja Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania, jina lake ndilo la kwanza. Je, kazi zake ni zilipendwa au klasiki? Vijiweni watu wanajibu haraka, tena kwa hasira. Mimi nasema jaribio halijafanyika, kwa kuwa klasiki hupimwa kwa kurudiwa, na kurudiwa kunahitaji nakala. Zile tulizozinunua kwenye VCD zimechubuka, zilizoko mtandaoni zimekatwakatwa na kuandikwa namba za simu za watu juu ya nyuso za waigizaji. Za kabla yake, za enzi ya VHS, hali yake ni mbaya zaidi.

Nyumbani ninayo kanda moja ya igizo la wakati huo, imeota ukungu mweupe pembeni. Nakumbuka sehemu moja, mzee anakunja mkeka polepole wageni wakiwa bado wamesimama mlangoni, na ningependa kujua kama ni nzuri kama ninavyoikumbuka. Deki ya kuichezea sina. Fundi aliyekuwa akizitengeneza mtaani kwetu siku hizi anauza makava ya simu.