Sikio lililochoka halijui kuwa limechoka

Kazi yangu ni kuchanganya sauti studio. Wimbo ukisharekodiwa, mimi ndiye ninayekaa na besi, ngoma, kinanda na sauti ya mwimbaji mpaka kila kimoja kitulie mahali pake. Wasanii wengi wanaokuja, hasa chipukizi, wana ombi lile lile: "Kaka, tuumalize leo leo." Jibu langu ni hapana, na naandika sababu zake hapa maana nimechoka kuzieleza mlangoni saa saba ya usiku.

Sababu ya kwanza ni ya mwili, haina uhusiano na kipaji. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyotikiswa na sauti, na ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zikipigwa na sauti kubwa kwa muda mrefu hupungua wepesi, na pigo kubwa mara nyingi huangukia karibu na hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde, pale yanapokaa makali ya sauti ya binadamu. Zikipumzishwa hurudia hali yake, ila huchukua saa kadhaa, pengine hata siku nzima. Tatizo ni kwamba hakuna maumivu. Wewe unachosikia ni kwamba wimbo umefifia.

Basi fundi anaongeza trebo kidogo, yaani zile sauti nyembamba za juu. Saa sita ya usiku anapandisha sembali. Saa saba anaona sauti ya mwimbaji "haitoki", anaipa makali. Saa nane mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kupandisha sauti ya spika. Ikifika saa tisa wimbo unang'ara, wote waliomo studio wanashangilia, faili linarushwa WhatsApp. Kesho mchana mtu anaufungulia kwenye gari, kila "s" na kila "sh" inamchoma. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila alichoongeza kilikuwa sahihi kwa sikio alilokuwa nalo saa ile.

Na hicho kitufe cha spika kina ujanja wake. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell kule Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sikio halipimi sauti zote kwa mizani moja. Sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza. Ukipandisha, besi inajaa, na wimbo unapendeza bila wewe kuugusa. Ndiyo maana mimi huchanganya kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mtu akiniongelesha namsikia bila kupaza sauti. Wimbo ukisimama hapo, utasimama popote. Kwa wale wanaopenda kuta zitikisike: NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi, inaweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni dakika 15. Ukizoea kuzidisha hapo, tunazungumzia sikio kuharibika bila kupona.

Sababu ya pili iko kichwani, na hii ndiyo wasanii hawaiamini. Mwaka 2004 kundi la watafiti kutoka Lübeck, Ujerumani, lilichapisha jaribio kwenye jarida la Nature. Watu walipewa mafumbo ya tarakimu yaliyokuwa na njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakaachwa kwa muda wa saa 8. Waliolala usiku ule, asilimia 59 waliigundua njia ya mkato. Waliokaa macho, asilimia 23. Fumbo lilikuwa lile lile. Mwaka 2021 watafiti wa Paris wakapata jambo linalofanana kwa usingizi mwepesi kabisa: waliosinzia, hata kwa sekunde 15 tu, asilimia 83 waliiona kanuni iliyofichwa, dhidi ya 30 ya waliobaki macho. Waliozama zaidi usingizini walishuka hadi 14. Kwa hiyo mtu akipitiwa kwenye kochi la studio msimcheke, na msimwache akakoroma pia.

Tarakimu si wimbo, najua. Lakini naliona hilo kazini. Mtu anahangaika na ubeti wa pili usiku kucha, anaongeza gitaa, anaongeza waitikiaji, haukai. Analala. Kesho yake anasikiliza mara moja na kusema, "Toa kinanda pale kabla ya kiitikio." Karibu kila mara dawa ya asubuhi ni kutoa. Usiku tunaongeza, maana kukaa kimya mbele ya mtambo unaolipiwa kwa saa kunaonekana ni uvivu.

Siku ya pili naiheshimu kuliko ya kwanza. Nikiamka sisikilizi muziki wowote, hata wa redio. Wimbo naufungua kwenye spika moja ndogo, kompyuta nimeipa mgongo, kalamu mkononi. Mikono haigusi kitu mpaka wimbo uishe. Naandika kile tu kilichonishtua: "besi inameza neno la mwisho", "kiitikio kimechelewa". Sikio jipya unalipata mara moja, pengine mbili. Ukirudia mara ya tatu umeshaanza kuzoea kasoro, na kasoro uliyoizoea unaanza kuitetea.

Najua swali linalofuata: nani atalipia siku ya pili? Studio nyingi kwetu zinatoza kwa saa au kwa wimbo, na msanii ametoa fedha ya mfukoni. Mimi nimeweka bei moja yenye siku mbili ndani yake, nasema mapema kabla maikrofoni haijawashwa. Wapo wanaokwenda kwa jirani anayemaliza usiku huo huo, na siwalaumu. Na kama kweli redio inasubiri wimbo jioni hiyo, basi tukimaliza kurekodi wote tunatoka uani dakika 20. Hedifoni zinabaki ndani, na simu pia. Anayetaka kuimba kiitikio huko nje namwomba asubiri.