Kiwango cha kuhitimu: asilimia ya nani?

Chuo kikuu cha umma kikitangaza kwamba kiwango chake cha kuhitimu ni asilimia 63, wengi wetu tunaelewa hivi: katika kila wanafunzi 100 walioingia, 63 wamevaa joho na 37 wameishia njiani. Ndivyo inavyosikika, lakini sivyo inavyohesabiwa. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu kuna mzazi atakayemwondoa mtoto kwenye chuo kinachomfaa kwa ajili ya namba hiyo, na mwingine atamsukuma kwenye chuo kitakachomrudisha nyumbani na deni bila shahada.

Turudi kwenye hesabu za shule ya msingi. Sehemu ina namba ya juu, ndiyo kiasi, na namba ya chini, ndiyo asili. Kila asilimia unayoisoma ilianza kama sehemu. Macho yetu hukimbilia kiasi: wangapi wamehitimu, wangapi wamedahiliwa, wangapi wameshindwa kulipa. Lakini uamuzi mkubwa ulishafanyika chini ya mstari, pale mtu alipoamua nani aitwe "wote". Asiyeingizwa kwenye asili hawezi kufaulu wala kufeli. Kwa hesabu hiyo ni kama hakuwahi kusoma pale.

Marekani ndiko dhana hii ilikofungwa kwa sheria, mwaka 1990, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuitazamia. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wake kinatakiwa kutangaza kiwango cha kuhitimu, na kanuni inasema hesabu ifanyikeje. Asili ni mkupuo mmoja: wanafunzi wanaoingia elimu ya juu kwa mara ya kwanza maishani, wanaosoma muda wote, wanaotafuta shahada au cheti, na kwa vyuo vingi wawe wameanza muhula wa Septemba. Kiasi ni wale wa mkupuo huohuo waliomaliza katika chuo hichohicho, ndani ya muda usiozidi asilimia 150 ya muda wa kawaida. Shahada ya miaka minne, basi, inapewa miaka sita.

Isome tena taratibu uone watu wanavyopungua.

Mchukue mama wa miaka 34. Alisoma mwaka mmoja ujanani akaacha kwa sababu ya uzazi. Sasa amerudi, anaanza Januari, na anachukua masomo mawili kwa muhula kwa kuwa asubuhi yuko kazini. Anafanya mitihani yote, anafaulu yote, na baada ya miaka saba anapanda jukwaani na wanawe wanapiga vigelegele. Katika kiwango cha kuhitimu cha chuo chake hayupo. Si mara yake ya kwanza, si mwanafunzi wa muda wote, hakuanza Septemba. Masharti matatu, na lolote kati ya hayo lingetosha kumwacha nje. Vyuo vya umma ndivyo hasa vilivyojengwa kwa ajili ya watu kama yeye, na inaniuma kwamba kipimo maarufu kuliko vyote hakimwoni.

Anayehama naye ana mkasa wake. Barack Obama alianza Occidental College mwaka 1979, akahamia Columbia mwaka 1981, akahitimu huko 1983. Vyote viwili ni vyuo binafsi, lakini kanuni ni ileile. Kama ingekuwepo wakati ule, Occidental ingemhesabu kwenye asili na kumkosa kwenye kiasi, yaani angekuwa mmoja wa walioshindwa kumaliza. Columbia nayo isingemhesabu kabisa, kwa sababu hakuanzia pale. Mtu aliyekuja kuwa rais wa nchi, mwenye shahada yake mkononi, angekuwa doa kwa chuo kimoja na asingeonekana kwa kingine.

Kanuni inaruhusu wachache kutolewa kwenye asili bila kukiadhibu chuo: waliofariki, waliopata ulemavu wa kudumu, walioingia jeshini, waliokwenda kufanya huduma ya serikali kuu nje ya nchi, na waliotumwa na kanisa kwenye umisheni. Aliyeacha ili amuuguze mzazi hayumo kwenye orodha hiyo. Aliyeishiwa fedha pia hayumo.

Malalamiko yalipozidi, serikali ilianza mwaka 2017 kuchapisha hesabu nyingine pembeni ya ile ya zamani. Hii inagawa wanafunzi katika makundi manne, ikiwahesabu pia wanaorudi, waliohamia na wanaosoma masomo machache kwa muhula, na inawafuata kwa miaka minane. Haiishii kwenye kuhitimu au kutohitimu tu. Inasema wangapi walipata shahada, wangapi bado wanasoma, wangapi wamejiunga na chuo kingine, na wangapi hawajulikani waliko. Ukiweza kuipata hesabu hiyo ya chuo unachokitaka, isome kabla ya ile nyingine. Ipo pia National Student Clearinghouse, taasisi ya Marekani inayomfuata mwanafunzi mwenyewe kutoka chuo hadi chuo, na kwake Obama angehesabiwa mhitimu tu.

Sasa hiyo asilimia 63. Si ya kubuni. Ndicho kiwango cha miaka sita cha vyuo vya umma vya shahada ya miaka minne vya Marekani kwa mkupuo ulioanza mwaka 2014. Kwa mkupuo huohuo, vyuo binafsi visivyotafuta faida vilikuwa na asilimia 68, na vile vinavyotafuta faida asilimia 29. Pengo la hivi vinavyotafuta faida ni kubwa mno kulifunika kwa maelezo ya asili na kiasi, na mimi nalichukulia kama onyo. Lakini hizo pointi tano kati ya umma na binafsi haziniambii bado nani anafundisha vizuri zaidi. Ili nijue, lazima nirudi nyuma hadi mlangoni, kwenye udahili.

Chuo kina njia mbili za kuinua kiwango cha kuhitimu. Ya kwanza ni kuwasaidia wanafunzi wamalize: washauri wa kutosha, masomo ya lazima yafundishwe kila muhula ili mtu asisubiri mwaka mzima kwa somo moja, msaada wa dharura wa fedha kwa anayekaribia kuacha. Ya pili ni kuchagua mlangoni wale ambao wangemaliza popote. Ya pili ni rahisi, na kwenye karatasi zote mbili zinafanana. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ni cha umma, na kwa miaka ya karibuni kimepokea maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kikidahili takriban asilimia 9. Anayepita kwenye tundu hilo ana kila dalili ya kumaliza. Chuo cha umma kinachowapokea karibu wote wanaoomba, wakiwemo wa kwanza katika ukoo wao kuona darasa la chuo, kikihitimisha asilimia 55 huenda kimefanya kazi kubwa kuliko kile chenye asilimia 90. Hata mwombaji akihesabu nafasi yake asidhani asilimia 9 ni kura ya bahati nasibu inayomgusa kila mtu sawasawa. Asili pale imechanganya wenye alama za juu kabisa na waliojaribu tu.

Jinsi mchanganyiko unavyoweza kupotosha ilionekana wazi Berkeley, chuo kingine cha umma cha California, katika udahili wa shahada za juu wa mwaka 1973. Waombaji wanaume walikuwa 8,442 na asilimia 44 wakadahiliwa. Wanawake walikuwa 4,321, wakadahiliwa asilimia 35. Mtu yeyote angesema wanawake wanabaguliwa. Hesabu ilipofunguliwa idara kwa idara, picha ikageuka. Katika idara moja kubwa wanaume 825 waliomba wakapita asilimia 62, na wanawake 108 tu waliomba wakapita asilimia 82. Katika nyingine, wanaume 373 waliomba wakapita asilimia 6, na wanawake 341 waliomba wakapita asilimia 7. Wanawake walikuwa wameomba kwa wingi zaidi kwenye idara zenye mlango mwembamba, zinazomkataa karibu kila mtu, na wanaume kwenye zenye nafasi nyingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1975 haukusema kwamba dunia iko sawa. Ulisema chanzo cha pengo kitafutwe mapema zaidi, kwenye yale yanayowasukuma wasichana kuelekea fani fulani kabla hawajajaza fomu. Jumla ilikuwa sahihi, na bado ilimnyooshea kidole asiyehusika.

Kuhusu usajili sitakaa sana. Kudahiliwa ni chuo kukukubali, na kusajiliwa ni wewe kufika, kulipa au kulipiwa, na kuandikishwa masomo. Mmoja anaweza kudahiliwa na vyuo vitano lakini akasajiliwa kimoja, ndiyo maana vyuo hudahili wengi kuliko viti vilivyopo. Na ukiambiwa chuo kina wanafunzi 20,000, uliza kama ni vichwa au ni hesabu ya kulinganisha, ambayo wanafunzi wawili wa nusu muda huhesabiwa kama mmoja. Bajeti nyingi za vyuo vya umma hufuata hiyo ya pili.

Deni ndilo linaloumiza, na humo asili hufanya mambo ya ajabu kuliko kote. Wachukue wahitimu watano. Wawili hawakukopa kitu. Wa tatu anadaiwa dola 8,000, wa nne 25,000, wa tano 30,000. Vyuo hupenda kutaja namba ya katikati, yaani ukiwapanga kwa mstari, yule anayesimama kati. Ukiwapanga wote watano, katikati ni 8,000. Ukiwahesabu waliokopa tu, wanabaki watatu na katikati inakuwa 25,000. Darasa ni lilelile, wahitimu ni walewale, wala hakuna aliyedanganya. College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ambako vijana wengi hulinganisha vyuo, hutumia waliokopa tu, tena mikopo ya serikali kuu peke yake, bila kuchanganya ile waliyochukua wazazi kwa majina yao. Familia ambayo baba amekopa dola 40,000 kwa ajili ya mtoto inaweza kuonekana kwenye safu hiyo ina deni dogo la mwanafunzi.

Ongeza sasa wawili waliokopa kisha wakaacha mwaka wa pili, mmoja na deni la 6,000, mwingine 7,000. Ukiwaingiza kwenye safu ya waliokopa, katikati inashuka kutoka 25,000 hadi 8,000. Chuo kimepoteza wanafunzi wawili, na deni lake limependeza! Ndiyo maana College Scorecard inawahesabu waliohitimu peke yao. Ukikutana na chuo kinachojivunia madeni madogo bila kusema ni ya nani, jiulize kwanza kama si dalili ya watu kuondoka mapema.

Na hao wawili ndio wa kuwahurumia zaidi. Tungetegemea mwenye deni kubwa ndiye ashindwe kulipa. Takwimu za mikopo ya Marekani kwa muda mrefu zimeonyesha kinyume: wanaoshindwa zaidi ni wenye madeni madogo, kwa sababu wengi wao hawakumaliza. Mwenye 30,000 ana shahada na mshahara wa kulipia. Mwenye 6,000 ana mihula mitatu ya masomo ambayo hakuna mwajiri anayeiuliza, na barua za kudaiwa zinafika kila mwezi. Hapa kiwango cha kuhitimu na kiwango cha deni ni jambo moja. Hata neno deni lina uzito tofauti nchi kwa nchi. England, mwanafunzi aliyeanza kuanzia Agosti 2023 hulipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40, kwa hiyo asiyepata kazi hadaiwi rejesho. Mkopaji wa Marekani asiyelipa kwa siku 270 huhesabiwa ameshindwa, labda awe amejiandikisha mapema kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato.

Kushindwa huko nako kuna asilimia yake, inayofuata mkupuo wa wakopaji walioanza kudaiwa katika mwaka mmoja na kuuliza wangapi walishindwa ndani ya miaka mitatu. Chuo kikifikia asilimia 30 miaka mitatu mfululizo kinaweza kukatiwa fedha za serikali kuu. Kwa mikupuo ya 2020 na 2021 kiwango cha nchi nzima kilikuwa 0. Hakuna muujiza uliotokea. Kuanzia Machi 2020 hadi 2023 malipo yalikuwa yamesimamishwa kwa sababu ya korona, na asiyedaiwa rejesho hawezi kuandikwa kwamba ameshindwa kulipa. Waliohitimu na walioacha njiani wote wakawekwa kwenye sifuri moja, na madeni yao yakiwa palepale yakisubiri.