Ukifika Nîmes, anzia kwenye birika la matundu kumi

Wengi wanaoshuka Nîmes, kusini mwa Ufaransa, hukimbilia uwanja wa Kirumi ulio katikati ya mji. Siwalaumu. Una urefu wa mita 133, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 1, uliweza kuchukua watazamaji wapatao 24,000, na hadi leo matamasha yanafanyika humo. Ila mimi ni mhandisi wa maji, miradi ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, ndiyo inayonipa ugali, na ushauri wangu ni mwingine. Panda kwanza mtaa wa Lampèze ukaangalie birika la mawe la Kirumi lililo wazi kando ya barabara, nyuma ya uzio wa chuma. Hulipi kiingilio, na mara nyingi utakuwa peke yako.

Wataalamu wanaliita Castellum. Lilifukuliwa mwaka 1844. Ni la mviringo, kipenyo chake hakifiki mita 6, kina ni mita 1.4. Upande mmoja kuna mlango wa mstatili ambamo maji yaliingilia. Upande wa pili matundu kumi yametobolewa ukutani, kila moja karibu sentimita 40, na humo ndimo yalimokaa mabomba ya madini ya risasi yaliyopeleka maji mjini: kwenye mabafu ya umma, kwenye vilula vya mitaani, kwenye nyumba za wakubwa. Sasa inama kidogo utazame sakafu. Kuna matundu mengine matatu. Yale si ya kugawia maji, ni ya kusafishia: unayafungulia, tope linatoka. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye mamlaka ya maji atajua mara moja anatazama nini. Ni tangi la kugawia, lina pa kuingilia, pa kutokea na pa kuoshea, kama matangi tunayojenga sisi. Kilichokosekana ni mita tu, na bili.

Maji hayo yalitoka chemchemi ya Eure, karibu na mji wa Uzès. Ndege akiruka moja kwa moja ni kama kilomita 20. Mfereji wenyewe una kilomita 50, kwa sababu ulilazimika kuzunguka vilima vya mawe na vichaka ambavyo wenyeji wanaviita garrigue, na sehemu kubwa ulipita chini ya ardhi. Katika urefu wote huo maji yalishuka mita 12 na ushei. Piga hesabu: wastani wa sentimita 25 kwa kilomita. Mpe fundi wa leo mteremko wa namna hiyo, tena bila kompyuta, akuchimbie mtaro wa kilomita 50, atadhani unamtania. Warumi walikuwa na timazi na ubao mrefu wenye kijimfereji cha maji kwa juu, yaani pima maji ya enzi zile.

Utauliza walihangaika ya nini, ilhali mji una chemchemi yake. Ipo kweli, chini ya kilima, ndani ya bustani ya Jardins de la Fontaine iliyopangwa karne ya 18, na ndiyo iliyozaa mji. Tatizo ni kwamba inategemea mawe ya chokaa yenye mapango na nyufa. Mvua ikinyesha inafoka, kiangazi kikikolea inapungua sana. Na kiangazi cha kule si cha mchezo: Juni 2019 kijiji cha Vérargues, kati ya Nîmes na Montpellier, kilipimwa nyuzi 46, rekodi ya Ufaransa nzima. Zaidi ya hayo chemchemi iko chini. Huwezi kuhudumia mitaa iliyo juu kwa mserereko kama chanzo chako kipo bondeni, na ndiyo maana Castellum liliwekwa mlimani.

Ukishaelewa hayo, ndipo uende Pont du Gard, daraja lililobeba mfereji huo. Watu hulipiga picha kama vile ni mnara wa sifa, kumbe ni kipande cha mfereji kilichokutana na mto Gardon. Ghorofa tatu za matao, karibu mita 49 kwenda juu, na ghorofa mbili za chini zimepangwa kwa mawe matupu bila chokaa, mengine ya tani 6. Angalia mawe yanayochomoza ukutani: yalibeba majukwaa ya mafundi. Wahandisi waliupa mfereji mteremko mkali zaidi kabla ya kufika hapa, ili daraja lisilazimike kwenda juu zaidi. Hiyo ni akili ya mtu anayejali gharama.

Daraja la barabara lililobanwa ubavuni mwake ni la miaka ya 1740, kazi ya Henri Pitot. Ndiyo, Pitot yuleyule wa kile kibomba cha kupimia mwendo wa maji, ambacho leo kinafungwa hata kwenye ndege. Nusu saa kwa treni kutoka Nîmes, mjini Montpellier, utaona mfereji wake mwingine juu ya matao, unaoishia kwenye bustani ya Peyrou.

Juu kabisa ya Pont du Gard kuna njia ambamo maji yalipita, ambayo hufunguliwa kwa ziara za kuongozwa. Ukipata nafasi, usiiache. Mfereji ulijengwa na upana wa mita 1.2, lakini kuta zimeota magamba ya chokaa, kwingine karibu nusu mita kila upande. Ni ugonjwa uleule unaoziba birika lako la chai, kwa kipimo cha karne kadhaa. Usafi ulipozembewa, maji yakazidi kupungua hadi mfereji ukaachwa. Wajenzi wa zama za kati wakaja kuyakata magamba hayo na kujengea.

Maison Carrée, hekalu lililoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2023, litazame unapopita. Ni zuri, halichukui muda.

Kuhusu msimu, nenda Aprili au Mei. Vuli ina hatari yake. Hewa yenye unyevu kutoka Mediterania hugonga milima ya Cévennes na kumwaga mvua ya siku nyingi kwa saa chache. Tarehe 3 Oktoba 1988 makorongo makavu yanayoingia Nîmes yaligeuka mito, magari yakasombwa mitaani na watu wakafa. Kwa hiyo Septemba na Oktoba soma tahadhari za Météo-France, mamlaka ya hali ya hewa ya kule, kila asubuhi. Zikiwa nyekundu, kaa ghorofani na usishuke maegesho ya chini ya ardhi.

Jambo la mwisho, treni. Kutoka Paris ni kama saa tatu. Kuna stesheni ya mjini, Nîmes Centre, na nyingine iliyofunguliwa Desemba 2019, Nîmes Pont-du-Gard, ambayo iko mashambani nje ya mji na wala haiko karibu na daraja lenyewe. Soma tiketi yako vizuri. Ukienda darajani panda basi kutoka mjini, na ukitaka bahari kuna treni ya Le Grau-du-Roi.