Mtoto akiwa kwenye kemo, mswaki hauachwi

Baadhi ya wazazi Mombasa huuficha mswaki mtoto akianza kemo, yaani dawa za kutibu saratani, wakihofia ufizi kutoka damu. Hofu ina msingi, lakini kinachofaa ni kinyume chake. Dawa hukawiza ngozi laini ya mdomo kujijenga upya, hivyo vidonda huchomoza siku chache baada ya dozi, mara nyingi wakati ule ule chembe nyeupe za damu, zipiganazo na maradhi, zimepungua. Mdomo usiposafishwa, bakteria huzidi, na kupitia kidonda huingia damuni.

Tumia mswaki laini kabisa, asubuhi na usiku. Uloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Ukiuma mno, funga kitambaa safi chenye maji kidoleni upanguse taratibu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini sana, daktari aweza kusimamisha mswaki kwa muda. Huo ni uamuzi wake, si wa jirani.

Baada ya kila mlo asukutue: robo kijiko cha chai cha chumvi, bilauri moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayatoshi, maana hayana kipimo wala usafi. Asiyejua kutema apanguswe tu. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi huchoma, iache.

Achari, ukwaju na mabuyu ya pilipili vingoje. Uji uliopoa hupita.

Joto la mwili likifika nyuzi 38 za Selsiasi, hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.